Alijua au Hakujua? Kesi ya Rhinelander na Ngozi Iliyofanywa Ushahidi

Kwenye Passing, riwaya ya Nella Larsen iliyotoka mwaka 1929, Irene Redfield anapiga hesabu kichwani. Rafiki yake Clare ni mtu mweusi anayeishi kama Mzungu. Mumewe tajiri akigundua, itakuwaje? Ataweza kumwacha? Jibu linalomjia ni la maneno machache: ilikuwapo kesi ya Rhinelander. Kisha mawazo yake yanahamia kwingine. Larsen hafafanui kitu, na hakuwa na haja. Msomaji wa magazeti wa Marekani wa miaka ile alikuwa amelishwa kesi hiyo asubuhi na jioni. Sisi tunaoisoma riwaya leo tunaupita mstari huo kama vile si kitu.

Naichambua hapa kesi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoisimulia huimaliza kwa vigelegele: binti wa dereva kambwaga mwana wa tajiri, mweusi kamshinda Mzungu mahakamani, tena mwaka 1925. Hukumu ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini ukifuatilia ushindi huo ulipatikana kwa njia gani, na wale wanaume 12 waliompa ushindi walikuwa wanatetea nini hasa, vigelegele vinakukauka mdomoni.

Kijana wa ukoo na binti wa dereva

Leonard Kip Rhinelander alizaliwa mwaka 1903 katika mojawapo ya koo kongwe za New York. Mababu zake walikuwa Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa na kufika Amerika karne ya 17. Ukoo ulitajirika kwa sukari, kwa meli, na zaidi kwa ardhi na majengo ya Manhattan. Matajiri wa aina hii hawakuhitaji kujionyesha kwa magari na mikufu. Walikuwa na kitabu chao, Social Register, kilichoorodhesha familia za juu, anwani zao na nani kamwoa nani. Kwa maoni yangu kazi kubwa ya kitabu hicho ilikuwa kuwaambia akina mama wenye mabinti kwamba yule kijana aliyekuja kunywa chai jana ni kufu yao au si kufu.

Leonard mwenyewe hakuwa kijana wa kung'ara. Alikuwa na kigugumizi, mwenye haya, na mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Baba yake, Philip Rhinelander, alimpeleka Stamford, Connecticut, kwenye taasisi moja ya kutibu matatizo ya usemi na wasiwasi. Akiwa huko, mwaka 1921, alifahamiana na akina dada wawili kutoka New Rochelle, mji mdogo kaskazini mwa jiji la New York. Alianza kuzoeana na Grace Jones, kisha moyo ukaangukia kwa dada yake, Alice. Leonard alikuwa na miaka 18, Alice 22.

Baba wa Alice, George Jones, alikuwa dereva wa teksi. Alizaliwa Uingereza, na damu yake kwa upande mmoja ilitoka West Indies, visiwa vya Karibi. Mkewe Elizabeth alikuwa Mwingereza mweupe. Walihamia Marekani kabla Alice hajazaliwa, na mabinti wao wakakua wakifanya kazi za ndani kwenye nyumba za wenye nazo. Hebu iangalie familia hiyo vizuri. Binti mmoja, Emily, aliolewa na mtu mweusi, Robert Brooks. Mwingine, Grace, aliolewa na mwanamume mwenye asili ya Italia. Alice alikuwa na rangi ambayo ungeweza kuisoma unavyotaka: Mhispania, Mwitaliano, chotara, au usiisome kabisa. Meza moja ya chakula cha jioni ilikaliwa na watu ambao sheria za majimbo mengine zingewakataza kuoana. Wao walikuwa wanakula tu.

Desemba 1921 Leonard na Alice walikaa siku kadhaa kwenye hoteli ya Marie Antoinette, Manhattan, kama mke na mume. Habari zilipomfikia mzee Philip, akafanya walichokuwa wakifanya matajiri wote wa enzi zile mtoto anapoharibikiwa: alimsafirisha. Kijana alizungushwa huku na kule, akaishia kwenye shule moja Arizona. Safari hazikusaidia. Barua zilienda na kurudi kwa mamia, za Alice zikiwa na tahajia mbovu na mapenzi mengi, za Leonard zikiwa na mambo ambayo baadaye yangemfanya atamani ardhi ipasuke. Mei 1924 alitimiza miaka 21, akawa huru kisheria, akarudi. Tarehe 14 Oktoba 1924 walifunga ndoa ya kiserikali New Rochelle, wakaanza maisha nyumbani kwa wazazi wa Alice huku wakitafuta samani za nyumba yao.

Mwezi mmoja tu

Tarehe 13 Novemba gazeti la mji, Standard Star, lilitoka na habari kwamba mwana wa Rhinelander amemwoa binti wa mtu mweusi. Magazeti ya jiji yakaichukua upesi. Waandishi wakajazana mlangoni kwa akina Jones.

Kinachonishangaza kila ninapoirudia sehemu hii ni kwamba Leonard hakukimbia mara moja. Alibaki pale pale nyumbani kwa wakwe zake kwa siku kadhaa, na waandishi walipomuuliza hakumkana mkewe. Kama angekuwa ndiyo kwanza anagundua kuwa ametapeliwa, mtu angetegemea apige kelele siku ile ile. Kelele zilikuja baadaye, baada ya wakili wa familia kuja kumchukua. Kabla Novemba haijaisha, hati ya madai ilikuwa mahakamani: Leonard anaomba ndoa ibatilishwe kwa sababu Alice alimdanganya, kwa maneno au kwa kunyamaza, kwamba yeye ni mweupe.

Wakati huo huo, Social Register lilikuwa limeshamwingiza Alice kwenye orodha kama mke wa Leonard Kip Rhinelander, kwa utaratibu wake wa kawaida wa kuandika wake za watu. Anatajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia humo. Baadaye walimfuta.

Kwa nini udanganyifu?

Hapa pana kifundo cha kisheria ambacho kisipoeleweka kesi nzima haieleweki. New York haikuwa na sheria ya kuzuia ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi. Zaidi ya nusu ya majimbo 48 ya wakati huo yalikuwa nayo. Virginia ilikuwa imetoka kuikaza sheria yake mwaka huo huo wa 1924, ikitamka kwamba Mzungu ni yule asiye na hata chembe ya damu nyingine. (Isipokuwa, sheria ikaongeza, damu kidogo ya Wahindi Wekundu isiyozidi sehemu moja ya 16. Sababu ni kwamba familia bora za Virginia zilijivunia kuwa wazao wa Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi Wekundu aliyeolewa na Mwingereza, na hakuna bunge linalojitungia sheria ya kujigeuza lenyewe kuwa haramu.)

Kama Leonard angeoa Virginia, ndoa ingekuwa batili yenyewe. New York alilazimika kutafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwapo ulikuwa udanganyifu: kwamba alifichwa jambo zito ambalo angelijua asingeoa. Kwa hiyo swali la kesi halikuwa kama ndoa hii inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Swali lilikuwa: alijua au hakujua? Na ili kulijibu, mahakama ilibidi iulize swali jingine ambalo hakuna aliyetaka kulisema kwa sauti. Je, weusi ni kitu kinachoonekana?

White Plains, Novemba 1925

Kesi ilianza kusikilizwa tarehe 9 Novemba 1925 White Plains, makao makuu ya wilaya ya Westchester, mbele ya Jaji Joseph Morschauser na juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua ukweli wa kesi: wanaume 12, wote Wazungu, wote wana ndoa. Upande wa Leonard alisimama Isaac Mills, mzee aliyewahi kuwa jaji. Upande wa Alice alikuwapo Lee Parsons Davis, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya hiyo hiyo. Magazeti yalituma waandishi kana kwamba wanakwenda vitani.

Mills alijenga hoja yake juu ya mambo mawili. La kwanza, kwamba Alice ni mwanamke mjanja, mkubwa kwa umri, aliyemnasa mvulana. La pili ndilo la ajabu. Ili kueleza ilikuwaje kijana alale na mwanamke, ale kwao, acheze karata na shemeji yake mweusi, kwa miaka mitatu, asijue kitu, Mills ilibidi aiambie mahakama kwamba mteja wake ana akili nzito. Kigugumizi kikageuzwa ushahidi wa upungufu wa akili. Hebu fikiria: moja ya familia zenye jina kubwa kabisa New York ilimlipa wakili asimame hadharani, mbele ya magazeti yote, atangaze kwamba mwana wao ni zezeta. Waliona afadhali hivyo. Jina la ukoo lingeweza kustahimili mrithi mpumbavu. Mrithi mwenye akili timamu aliyempenda binti wa dereva mweusi, hapana.

Davis naye alianza kwa pigo ambalo hakuna aliyelitarajia. Majibu ya awali ya Alice kwa maandishi yalikuwa yamekana kuwa ana damu nyeusi. Davis aliyaondoa. Akaiambia juri: ndiyo, mteja wangu ana damu ya watu weusi, tunakubali, wala tusipoteze muda hapo. Kilichobaki ni kwamba mume alijua tangu siku ya kwanza, na kama una macho unajua.

Kama mbinu ya uwakili, ilikuwa kali. Kwa sentensi chache iliuondoa mzigo wa kuthibitisha asili na kuuacha ubishi mmoja tu, ambao mwanamume aliyezoea nyumba ya akina Jones angepata taabu kuushinda. Lakini tazama ilimgharimu nini Alice. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuna aliyemlazimisha kuchagua, sasa alichaguliwa na wakili wake, bila yeye kusema neno. Na neno hakusema kweli: Alice hakupanda kizimbani hata mara moja katika kesi nzima.

Leonard alipanda, tena kwa siku kadhaa, na Davis alimkamua. Ulikwenda kwao mara ngapi? Ulimwona baba yake? Ulimwona mume wa Emily? Dereva wa familia ya Rhinelander alitoa ushahidi kwamba yeye mwenyewe alimdokeza kijana kuhusu rangi ya mzee Jones, na kijana akajibu kwamba hajali. Barua zikasomwa. Mills alisoma za Alice ili aonekane mtega mitego. Davis akajibu kwa kusoma za Leonard, zenye maelezo ya chumbani ya wazi kiasi kwamba wanawake waliokuwa wakisikiliza waliamriwa kutoka nje. Hata Al Jolson, mwimbaji maarufu kuliko wote wakati huo na ambaye alitajirika kwa kujipaka usoni rangi nyeusi, aliitwa kutoa ushahidi kwa sababu Alice alimtaja kwenye barua moja. Alisema hamjui. Sijui kama yupo mtunzi ambaye angethubutu kumwingiza Jolson kwenye hadithi hii. Wahariri wangemwambia amezidisha chumvi.

Kisha likaja jambo ambalo kesi hii inakumbukwa kwalo. Davis aliomba juri iuone mwili wa Alice. Hoja yake ilikuwa kwamba Leonard alimwona Alice mtupu pale Marie Antoinette, kwa hiyo juri ione alichokiona. Mills alipinga, jaji akaruhusu. Waandishi walizuiwa. Ndani ya chumba cha faragha cha mahakama wakaingia jaji, mawakili, juri, mwandishi wa kumbukumbu na Leonard mwenyewe. Alice aliingia akiwa amevaa koti refu, analia, mama yake kando yake. Akateremsha koti hadi juri ikaona mabega, mgongo na matiti, kisha akapandisha ikaona miguu. Hakuulizwa swali lolote. Alivaa, akatolewa.

Waliporudi mahakamani, Davis alimuuliza Leonard kama rangi ya mwili wa mkewe ni ile ile aliyoiona hotelini akiwa hana nguo. Leonard akajibu kuwa ndiyo.

Kwa kuwa hakuna kamera iliyoruhusiwa, gazeti moja la New York, Evening Graphic, lilitengeneza picha lenyewe. Walimchukua mcheza shoo wakampiga picha nusu uchi mbele ya wanaume, kisha wakabandika sura za wahusika halisi. Picha za kubuni za aina hiyo zilianza kwa kesi hii, na zikawa biashara kubwa ya gazeti hilo. Basi mwili ambao juri iliuona faraghani ukauzwa barabarani, ingawa haukuwa wake.

Wanaume 12 na macho yao

Katika hotuba yake ya mwisho Mills aliwageukia kama akina baba. Aliwaambia hakuna mzazi miongoni mwao ambaye hangependelea kumwona mwanawe kwenye jeneza kuliko kumwona amefunga ndoa na chotara. Davis hakumjibu kwa kutetea ndoa za mchanganyiko. Soma hotuba yake uone: hakuna mahali alipowaomba wazione ndoa hizo kuwa ni jambo jema. Aliwaomba tu wakubali kwamba mwanamume aliyeoa kwa macho yake mawili hawezi kurudi kudai alikuwa kipofu.

Tarehe 5 Desemba juri ilijibu. Alice ni mwenye damu nyeusi? Ndiyo. Alimficha mumewe jambo hilo? Hapana. Ndoa ikabaki.

Wengi walishangaa. Wazungu 12 wa mwaka 1925, katika nchi ambayo Ku Klux Klan, chama cha Wazungu wabaguzi, kilikuwa na wanachama kwa mamilioni, wamemnyima tajiri Mzungu haki ya kumtupa mke mweusi. Wengine wakasema ni chuki ya watu wa kipato cha kati dhidi ya matajiri, na nadhani chuki hiyo ilikuwapo kidogo: wanaume wa Westchester waliofanya kazi kwa jasho hawakupendezwa na mtoto wa kurithi anayelialia. Lakini kwa mtazamo wangu sababu kubwa iko kwenye kile chumba cha faragha.

Upande wa Rhinelander, bila kukusudia, ulikuwa unaiambia juri jambo la kutisha. Ulisema kwamba mtu mweusi anaweza kukaa nawe miaka mitatu, kitandani, mezani, kwenye barua, na usimtambue. Kama hilo ni kweli, basi wangapi wamo humu? Wangapi wamo kwenye Social Register sasa hivi? Je, mke wangu mwenyewe? Davis aliwapa jibu la kutuliza: hapana, anaonekana. Muangalieni. Ninyi mmemwona na mmejua, na yeye alijua. Kwa kumpa Alice ushindi, wanaume wale walijipa wenyewe uhakika kwamba mpaka upo na jicho linaweza kuulinda. Walichokilinda ni macho yao. Alice alifaidika kwa kuwa upande sahihi wa hofu yao.

W. E. B. Du Bois, msomi mweusi na mtetezi wa haki za weusi, kwenye jarida lake la The Crisis, aliiona sehemu nyingine ya jambo hili, na aliiona kwa ukali wake wa kawaida. Alisema kwamba kama Rhinelander angemfanya binti huyu hawara au malaya wake, Marekani nyeupe isingetamka neno. Kelele zilianza alipomwoa kwa heshima na kwa sheria. Hilo nalo barua zinalithibitisha. Mzee Philip alijua habari za hoteli tangu mwanzo na dawa yake ilikuwa kumhamisha kijana shule. Hakuna aliyekwenda mahakamani mwaka 1921. Nyumba ndogo ilivumilika. Cheti cha ndoa ndicho kilichovunja mwiko, kwa sababu cheti kinabeba urithi, jina na nafasi kwenye kile kitabu. Tamaa ya tajiri haikuwahi kuwa kosa. Kosa lilikuwa kuifanya tamaa hiyo iwe na haki.

Larsen anajibu juri

Nella Larsen alizaliwa Chicago mwaka 1891, mama Mdenmark, baba kutoka visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark. Kwa upande wa wazazi, yeye na Alice wangeelewana bila maelezo mengi. Aliwahi kuwa muuguzi, kisha mkutubi Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York. Passing alipoiandika, kesi ilikuwa bado inanuka.

Na ukiisoma riwaya baada ya kuijua kesi, utaona kwamba inaivunja hoja ya juri kipande kwa kipande. Mwanzoni Irene amekaa kwenye paa la hoteli ya kifahari Chicago, sehemu ambayo mtu mweusi asingeruhusiwa, na mwanamke mmoja anamkazia macho. Irene anaingiwa na wasiwasi, kisha anajituliza kwa dharau: Wazungu hudai eti wanajua kwa kutazama kucha, viganja, masikio, meno. Upuuzi. Yeye hajawahi kubainika. Ndivyo vile vile wanaume wa White Plains walivyoangalia, na Larsen anawacheka. Mwanamke anayemkazia macho ni Clare, mweusi kama yeye, na yeye ndiye anayemtambua.

Halafu ipo ile chai ya Clare. Wamekaa wanawake watatu, wote weusi. Anaingia mume wa Clare, John Bellew, tajiri wa mambo ya benki, na kumsalimia mkewe kwa jina la utani linalotokana na tusi la weusi. Anaeleza kwa furaha: alipomwoa alikuwa mweupe kama yungiyungi, lakini kila mwaka anazidi kuwa mweusi, siku moja ataamka Mnegro. Anacheka. Anaongeza kwamba kwenye familia yake hawajawahi kuwamo weusi wala hawatakuwamo. Wanawake watatu wanacheka naye, mmoja hadi machozi. Clare alishamwambia Irene jinsi alivyokaribia kufa kwa hofu miezi tisa ya ujauzito wa binti yake, akisubiri rangi ya mtoto. Bellew ana mke, ana mtoto, ana chumba kizima cha ushahidi mbele yake, na haoni kitu. Huyu ndiye mwanamume ambaye juri ya Westchester ilisema hawezi kuwapo.

Jambo ambalo Larsen analiongeza, na kesi haikuweza kuligusa, ni kile anachokitaka Irene. Mahakamani tamaa yote ilikuwa ya mwanamume: nani alimtega, aliandika nini, aliona nini. Kwenye riwaya anayemtazama Clare kwa undani zaidi ni Irene, mke wa daktari, mwenye mtumishi, mwenye nafasi kwenye jamii ya juu ya Harlem. Anaitazama mikono yake, midomo, macho. Wahakiki wa kuanzia miaka ya 1980 wamekusoma kutazama huko kama mapenzi yasiyojikiri, na mimi nakubaliana nao, ingawa wanaokusoma kama wivu wa kitabaka hawako mbali. Irene anaogopa Clare atampokonya mume, lakini anaogopa zaidi kutikiswa kwa maisha yake ya starehe. Kwa hiyo matajiri wadogo wa Harlem nao wana kitabu chao kisichoandikwa cha nani kufu na nani si kufu. Clare anapoanguka dirishani mwishoni, riwaya haisemi kama alisukumwa. Na Irene, tukumbuke, alikuwa ameshawaza kwamba talaka itamwacha Clare huru, na Clare huru ni hatari. Kesi ya Rhinelander ilimjia akilini kama tishio kwake mwenyewe.

Baada ya hukumu

Leonard alikata rufaa, akashindwa mwaka 1926, akashindwa tena mwaka 1927. Alitoweka, kisha mwaka 1929 akapata talaka Nevada, jimbo lililokuwa linauza talaka kwa watu wenye nauli. Alice alikuwa amemfungulia mzee Philip kesi ya dola 500,000 kwa kumharibia ndoa. Mwaka 1930 walimalizana nje ya mahakama: Alice apewe dola 32,500 kwa mkupuo na dola 3,600 kila mwaka maisha yake yote. Kwa upande wake, aachane na madai yote juu ya mali ya ukoo, asitumie jina la Rhinelander, wala asihutubie au kuandika hadharani habari zake.

Leonard alikufa kwa nimonia mwaka 1936, akiwa na miaka 32. Hakuna kati yao aliyeoa au kuolewa tena. Alice aliishi hadi 1989, na kaburi lake New Rochelle lina jina aliloahidi kutolitumia, kwa hiyo kifungu kimoja cha mkataba hatimaye kilivunjwa.

Kifungu cha kunyamaza kilishika. Fedha ile, ukiigawa, ni dola 300 kwa mwezi, na ukoo wa Rhinelander haukuwahi kununua kitu kwa bei nafuu zaidi. Hakusema kizimbani kwa sababu wakili wake hakutaka, na hakusema baadaye kwa sababu alilipwa asiseme. Ndiyo maana waandishi wa historia waliokuja kuichimbua kesi hii wanalazimika kumsikia Alice kupitia barua alizomwandikia kijana aliyekuwa mbali, zilizotunzwa na mume, zikasomwa kwa sauti na wakili wa mume, mbele ya watu walioambiwa tayari wazione kama mtego.